Tesla au Mercedes ya umeme: Kioo cha mbele kinavyobadilisha hesabu ya bima

Anayenunua Tesla Model S, Model X au Mercedes EQS nchini Marekani huuliza kwanza chaji moja inamfikisha wapi na betri itadumu miaka mingapi. Swali la bima huja mwishoni. La kioo cha mbele mara nyingi haliji kabisa, mpaka siku jiwe linaruka kutoka kwenye tairi la lori na kuacha alama katikati ya kioo.

Hapo ndipo wengi wanapogundua kwamba bei ndogo waliyoifurahia kwenye simu ilikuwa ndogo kwa sababu. Kioo hakikuwemo, au kilikuwemo lakini mwenye gari alitakiwa kutoa dola 1,000 mfukoni kabla kampuni haijatoa hata senti.

Kioo cha siku hizi si kioo tu

Kioo cha mbele cha gari lolote ni vipande viwili vya kioo vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kikipasuka hakimwagiki chengachenga. Kwenye magari ya kifahari, utando huo pia hupunguza kelele za upepo. Hilo lina maana kubwa kwenye gari la umeme, maana hakuna ngurumo ya injini ya kuzifunika.

Gari likiwa na mfumo wa kuonyesha mwendo kwenye kioo mbele ya macho ya dereva, utando unakuwa na unene usio sawa juu na chini ili dereva asione namba mbili mbili. Ukibandika kioo cha kawaida mahali pake, namba zinaonekana na kivuli. Fundi anaweza kuapa kwamba kioo ni kilekile, lakini macho ya dereva yatamkatalia.

Kisha kuna kamera. Tesla zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 2016 zina kamera zinazotazama mbele kupitia kioo hicho, na ndizo zinazosaidia gari kufunga breki na kubaki kwenye njia yake. Kioo kikibadilishwa, kamera lazima zisetiwe upya. Kwa Tesla, sehemu kubwa ya kazi hiyo gari hujifanyia lenyewe likiendeshwa, kwa kawaida kilomita 32 hadi 40 kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri. Kwa magari ya kampuni nyingine mengi, gari huingizwa karakana na kuwekwa mbele ya vibao maalumu vya kupimia. Hiyo ni bili nyingine juu ya bei ya kioo.

Model X ndiyo kali zaidi. Kioo chake kimoja kinaanzia kwenye boneti na kupanda hadi juu ya vichwa vya waliokaa mbele, na ni miongoni mwa vioo vikubwa kabisa vinavyowekwa kwenye gari la abiria. Kukibadilisha si kazi ya fundi mmoja na gundi yake.

"Bima kubwa" ya nyumbani siyo ya Marekani

Mtu aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa amezoea kwamba ukikata bima kubwa, umemaliza: ajali, wizi, moto, vyote ndani. Marekani wamevigawa. Ipo sehemu inayolipa watu wengine uliowadhuru. Ipo sehemu ya kugongana, inayolipa gari lako ukiligonga gari jingine au ukuta. Na ipo sehemu ya tatu, ambayo kwa Kiingereza inabeba jina lilelile la bima kubwa ya huku, lakini kazi yake ni wizi, moto, mafuriko, mvua ya mawe, wanyama barabarani na vitu vinavyoruka. Kioo cha mbele kilichopigwa na jiwe kimo humo.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na bima halali kabisa ya kutembea barabarani, akaonyesha kadi yake kwa polisi bila wasiwasi, na bado akakosa hata dola moja ya kioo. Gari likiwa la mkopo au la kukodi kwa muda mrefu, benki kwa kawaida hulazimisha sehemu zote tatu. Tatizo huwakuta zaidi waliomaliza deni na kuamua kupunguza gharama.

Jimbo linaweza kuamua

Florida, Kentucky na South Carolina zina sheria zinazosaidia sana hapa. Mwenye sehemu ile ya tatu halipi mchango wake wa kwanza pale kioo cha mbele kinapotengenezwa au kubadilishwa. Lakini maneno ya sheria yanatofautiana. Florida inazungumzia kioo cha mbele. Kentucky inaenda mbali zaidi, inajumuisha vioo vya milango na madirisha, hata vifuniko vya taa. Kwa gari lenye vioo vingi kila upande, tofauti hiyo si ndogo.

Arizona imechagua njia ya kati: kampuni lazima impe mteja nafasi ya kununua bima ya vioo isiyo na mchango, lakini mteja ndiye anayeamua. Asiyeichagua hana.

Florida pia ilibadilisha sheria mwaka 2023 baada ya malalamiko ya miaka mingi kuhusu kesi za vioo. Sasa mafundi hawaruhusiwi kumpa mwenye gari zawadi ili adai kioo kipya, wala kumsainisha karatasi ya kuwahamishia haki yake ya kudai bima. Kijana anayemfuata mtu kwenye maegesho ya supamaketi na kumwambia "kioo chako kina ufa, nitakupa kadi ya zawadi" anapaswa kukataliwa papo hapo.

Kwa nini magari haya yanachajiwa ghali

Mwaka 2017 tawi moja la AAA lilitangaza kupandisha bima ya Model S na Model X, hadi asilimia 30 kwa baadhi ya wateja, baada ya takwimu kuonyesha madai mengi na ya gharama kubwa. Tesla ilipinga hesabu hiyo. Ila sababu za msingi zinaeleweka: bodi ya Model S ni ya alumini kwa sehemu kubwa, mafundi walioidhinishwa ni wachache kuliko wa magari ya kawaida, na betri iliyogongwa kwa chini inaweza kufanya gari zima lihesabiwe halifai kutengenezwa.

Tesla yenyewe iliingia kwenye bima, ikianza na California mwaka 2019. Texas ilifuata 2021 kwa mtindo mwingine: bei inapanda na kushuka kila mwezi kulingana na dereva anavyoendesha. Kufunga breki kwa ghafla, kukaa karibu mno na gari la mbele, kukata kona kwa kasi, vyote vinahesabiwa. Baadaye hata kuendesha usiku wa manane kukaongezwa. Kwa muuguzi au mhudumu wa wazee wa zamu ya usiku, na Waafrika Mashariki wa kazi hizo huko si haba, bima ya namna hii inaweza kumwadhibu kwa kwenda kazini tu.

Kampuni za kawaida nazo zina vigezo vyao: eneo unaloishi, umri, maili za mwaka, rekodi ya barabarani, na katika majimbo mengi hata historia ya mikopo. California, Hawaii na Massachusetts zimekataza hicho cha mwisho kwa bima ya gari. Ndiyo maana bei ya jirani haikusaidii. Unaweza kuwa na gari lilelile, rangi ileile, ukatofautiana naye mamia ya dola.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni ya kwanza inataka dola 2,900 kwa mwaka, na mchango wa mteja ni dola 1,000 kwa kila kitu, kioo kikiwemo. Ya pili inataka dola 3,080, mchango uleule, ila kioo ni bure. Tofauti ni dola 180 kwa mwaka, yaani dola 900 kwa miaka mitano.

Kioo cha dola 1,800 kikivunjika mara moja ndani ya miaka hiyo, mteja wa kwanza ametoa dola 1,000, wa pili amezidishiwa 900. Karibu sawa. Kikivunjika mara mbili, wa pili ameshinda wazi. Kisipovunjika kabisa, amelipa 900 za usingizi mzuri. Anayepita kila siku nyuma ya malori ya kokoto ana jibu tofauti na anayetoka Jumapili tu.

Alama ndogo isiyozidi ukubwa wa sarafu kwa kawaida huzibwa kwa resini, na kampuni nyingi huondoa mchango wa mteja kwa kazi hiyo hata pale zinapoudai kwa kioo kipya. Ikiwa mbele ya kamera au ya macho ya dereva, fundi mwangalifu atakataa kuiziba. Kuchelewa nako kuna bei, maana baridi ya usiku na hita ya asubuhi hugeuza alama kuwa ufa mrefu.

Na huku nyumbani?

Kenya, mikataba mingi ya bima kubwa huweka kikomo maalumu cha kioo cha mbele, mara nyingi Sh30,000 au Sh50,000. Kwa gari la kawaida inatosha. Kwa kioo chenye kamera kinachoagizwa nje haitoshi, na mwenye gari anapaswa kuomba kikomo kiongezwe kwa kulipia zaidi. Tanzania, ada ya bima kubwa hukokotolewa kwa thamani ya gari: kwa asilimia 3.5, gari la Sh200 milioni ni Sh7 milioni kwa mwaka kabla ya VAT. Aliyepunguza thamani kwenye fomu ili alipe kidogo, siku ya madai naye hupunguziwa malipo.

Kabla ya kusaini, maswali manne yanatosha kwa simu moja: mchango wa kioo ni kiasi gani, kusetiwa kwa kamera kunalipwa na nani, kioo kitakuwa cha mtengenezaji wa gari au cha kampuni nyingine, na paa la kioo linahesabiwa wapi. Majibu yaombwe kwa maandishi. Bima yenyewe ikatwe kioo kikiwa kizima, kwa sababu ufa uliokuwepo kabla ya tarehe ya mkataba haulipwi, na kampuni nyingine hudai picha za gari kabla ya kuanza.