Mlinzi Asiyelala

Hewa ni riziki ya bure, na kwa kuwa ni ya bure mwanadamu hakujitaabisha kuijua ila alipoikosa. Tarehe 15 Aprili 1875 Wafaransa watatu, Gaston Tissandier, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel, walipaa kutoka Paris katika puto lililoitwa Zénith, likapita kimo cha mita 8,000. Walichukua mifuko ya oksijeni, lakini saa ya haja mikono haikuweza kuinuka. Tissandier alisimulia kwamba hakuona maumivu wala hofu, bali furaha. Alipozinduka, wenzake walikuwa wamekwisha kufa.

Msiba huo wafundisha kuwa upungufu wa oksijeni haubishi hodi. Akili, iliyowekwa kuilinda nyumba, ndiyo hulala kwanza. Je, mwili hauna mlinzi mwingine?

Mwaka 1890 tabibu Viault alipanda milima ya Peru hata Morococha, mahali palipo juu kuliko mita 4,000. Aliipima damu yake, akakuta chembe nyekundu, zilizokuwa milioni 5 katika milimita moja ya ujazo, zimepita milioni 7 kwa majuma machache. Basi yuko aliyeona upungufu na kuamuru chembe ziongezwe. Baadaye mjumbe wa amri hiyo akajulikana: ni homoni ya figo iitwayo eritropoietini, iliyotengwa ikiwa safi mwaka 1977. Lakini mjumbe si mwenye amri.

Mwenye amri alitafutwa na watu watatu. Gregg Semenza, huko Baltimore, aligundua protini iitwayo HIF, iamshayo jeni za kuleta damu na nguvu. Peter Ratcliffe, huko Oxford, alionyesha kwamba uwezo wa kutambua upungufu si wa figo peke yake, bali umeenea katika chembe hai za viungo vingi. William Kaelin, huko Boston, alichunguza maradhi ya kurithi yaletayo uvimbe wenye mishipa mingi ya damu, pamoja na protini ya VHL. Mwaka 2001 siri ikafunuka. Chembe hutengeneza HIF daima. Oksijeni ikiwapo, HIF hutiwa alama kwa oksijeni hiyo hiyo, VHL huishika kwa alama yake, nayo huvunjwa. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi, HIF husalimika, na amri hutoka. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Ajabu ya mlinzi huyu ni kuwa hatumwi wala halali. Lakini kazi yake ya kuongeza damu yataka siku nyingi, na wale wa Zénith hawakuwa na saa nyingi. Tena hachagui bwana: uvimbe wa saratani, ukikosa hewa, humtumia kujiitia mishipa ya damu. Ndiyo maana tiba ya leo hushika njia mbili: humwamsha kwa mgonjwa wa figo aliyepungukiwa damu, na humzuia penye uvimbe. Kumjua mlinzi ni nusu ya ulinzi. Nusu ya pili ni kujua lini aamshwe na lini azuiwe.