Banani: Kimya Chini ya Mikarafuu

Kwetu Karatu Jumapili haiji kimyakimya. Kengele na kwaya za Walutheri na Wakatoliki hupokezana tangu alfajiri. Labda ndiyo maana habari za Marafiki wa Banani, kisiwani Pemba, zilinikaa moyoni tangu nilipozijua. Hao ni watu wa dhehebu lililoanzia Uingereza katika karne ya 17, ambao wengi huwaita Quaker. Nyumba yao ya ibada haina madhabahu. Waumini huketi pamoja kimya, na anayesukumwa na Roho husimama, husema lake, kisha huketi.

Kimya hicho hakikuwazuia kupiga kelele juu ya utumwa. Kamati ya kupinga biashara ya watumwa ilipoundwa London mwaka 1787, kati ya waasisi wake 12, tisa walikuwa Marafiki. Karne moja baadaye macho yao yaligeukia Zanzibar.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyekalishwa kitini na Waingereza mwaka uliotangulia, alitia sahihi amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria. Ukiisoma amri ile utaona jinsi mlango ulivyofunguliwa nusu. Haikumwachia mtu yeyote huru pale pale. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na akishaupata aonyeshe kuwa ana makazi maalumu na njia ya kujikimu. La sivyo, atahesabiwa mzururaji. Sasa makazi atayatoa wapi? Kibanda kilikuwa juu ya ardhi ya bwana, na muhogo nyuma ya kibanda uko hapo hapo. Fidia nayo ilikwenda kwa bwana.

Mwaka huo huo Henry Stanley Newman, mhariri wa jarida la Marafiki huko Uingereza, alifika visiwani pamoja na Theodore Burtt. Walichofanya ndicho kinachonifanya niwaheshimu: walitafuta shamba. Wakapata Banani, si mbali na Chake Chake, lenye mikarafuu yake. Burtt akabaki kulisimamia kwa miaka mingi. Aliyeachwa huru alipata mahali pa kujenga, kipande cha kulima, na ujira kwa kazi yake. Akiulizwa mahakamani anakaa wapi, alikuwa na jibu.

Kazi yenyewe haikubadilika. Tangu dhoruba ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba karafuu ya visiwa. Mchumaji hupanda juu, huvuta tawi kwa uangalifu lisivunjike, huchuma vishada. Jioni watu huketi kuchambua, punje huku na makonyo kule, mpaka vidole vinanuka karafuu hata baada ya kunawa. Kisha huanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka zigeuke rangi ya kahawia. Zamani mtumwa wa shamba alikuwa na siku mbili zake, Alhamisi na Ijumaa. Nyingine zote za bwana. Banani siku zote zilihesabiwa kuwa za mchumaji, na kila kazi ilikuwa na malipo yake.

Hata hivyo, Marafiki wasipewe sifa isiyo yao. Watu wengi zaidi hawakukanyaga Banani kabisa. Walibaki kwenye mashamba ya mabwana zao na kujadiliana masharti mapya wenyewe, na ushupavu huo ni wao. Masuria nao waliachwa nje ya amri ya 1897. Walihesabiwa kama wake wa mabwana, na hawakuweza kudai uhuru isipokuwa kwa kuthibitisha ukatili. Marafiki na wenzao huko Uingereza waliendelea kulalamika, na mpaka 1909 ndipo sheria ikawafikia wanawake hao.

Kwingineko Afrika Mashariki Marafiki walienea zaidi. Kaimosi, magharibi ya Kenya, Marafiki kutoka Marekani walifika mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, wenye wachungaji na nyimbo. Lakini Pemba ni kisiwa cha Waislamu, na Marafiki wake wamekuwa wachache tangu mwanzo hadi leo. Wanaabudu katikati ya majirani ambao, msimu wa karafuu ukifika, hupanda miti ile ile na kuanika majamvini kama wao.