SOTOKA, NDOROBO NA MALISHO YA UHA: SOMO LA KUONA MBALI



Ndugu zangu, kila kiangazi kutoka Kasulu na Kibondo tunasikia maneno yaleyale. Mkulima kalishiwa shamba. Mfugaji kafukuzwa porini. Ng'ombe wamekamatwa hifadhini. Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Leo tutulie tuisome historia, maana ugomvi huu ulianza kabla babu zetu hawajazaliwa.

Ukisimama Kabanga, ukatazama vilima vya Kasulu, uko katika nchi ya Waha iliyowahi kuhesabu utajiri kwa ng'ombe. Katika tawala za Heru na Muhambwe, ng'ombe alifunga urafiki, alilipa mahari, na kwa mkataba wa ubugabire alimuunganisha mwenye mifugo na asiye nayo. Mifugo ilikula nyasi, watu walilima na kuchoma moto kwa majira, na kichaka kilibaki mbali na nyumba.

Kisha ikaja sotoka. Ugonjwa huu uliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ukashuka kusini, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ukazikumba nchi za Maziwa Makuu. Uha haikusalimika. Na haukuua ng'ombe peke yao: nyati, pofu na twiga walianguka pia. Zizi likabaki tupu na pori likapoteza wanyama wake kwa wakati mmoja.

Sasa tazameni jinsi msiba mmoja unavyozaa mwingine. Ng'ombe walipokwisha, nyasi hazikuliwa. Njaa na maradhi vikapunguza watu, mashamba yakaachwa. Kichaka kikarudi. Wanyamapori walipoanza kuongezeka tena, ndorobo akapata kivuli cha kukaa na damu ya kunyonya, akaleta nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu.

Serikali ya Mwingereza ilifanya nini? Katika miaka ya 1930 iliwatoa watu katika makazi yao yaliyotawanyika, ikawakusanya katika makazi makubwa ili kuwakinga na malale. Nia ilikuwa kuokoa roho, hilo tuliseme kwa uadilifu. Lakini ardhi iliyoachwa ikazidi kumezwa na pori. Mwaka 1972, baada ya uhuru, Operesheni Kigoma ikawahamisha watu tena, safari hii kwenye vijiji vya ujamaa. Mara mbili mwananchi alihamishwa kwanza, na hesabu ya ardhi aliyoiacha ikaja baadaye.

Leo, mashariki ya vilima hivi, kuna Pori la Akiba la Moyowosi, na mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ikawa eneo la kwanza la Tanzania kuingia katika Mkataba wa Ramsar. Humo anaishi yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, ambaye amebaki sehemu chache tu Afrika. Makundi ya ng'ombe nayo yamekuja kutoka mikoa mingine kutafuta majani na maji. Ng'ombe wengi wakikanyaga kinamasi, ndege anakosa pa kutagia na mto unakosa hazina yake ya kiangazi. Akifukuzwa mfugaji bila kuonyeshwa pa kwenda, atarudi usiku. Nani amepona hapo?

Jambo hili si geni kwetu. Umar ibn al-Khattab (Allah amridhie) alitenga malisho ya hifadhi, hima, huko Rabadha, akamweka Hunayy ayasimamie. Imepokewa katika Sahihul Bukhari kwamba alimwagiza awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya matajiri kama Ibn Awf na Ibn Affan. Kwa nini? Tajiri mifugo yake ikifa, anayo mitende na mashamba. Masikini yake ikifa, atakuja na watoto wake kumlilia Khalifa. Umar akaona kutoa maji na majani leo ni rahisi kuliko kutoa dhahabu na fedha kesho. Huko ndiko kuona mbali. Alihifadhi ardhi, na ndani ya hifadhi hiyo akamkumbuka mnyonge.

Na kuona mbali kunazaa matunda. Chanjo ya sotoka ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake. Ng'ombe walipochanjwa kuzunguka Serengeti, nyumbu nao wakapona: kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kuwa sotoka imetokomezwa. Aliyelinda zizi alilinda na pori.

Basi ndugu zangu, tusingoje operesheni nyingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zimekipa kijiji mlango wa kupanga shamba, malisho, njia ya mifugo na msitu wake. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa, nenda. Uliza: malisho yetu yako wapi? Yanatosha ng'ombe wangapi? Mwenye ng'ombe watano ana nafasi gani mbele ya mwenye elfu moja? Na viongozi wetu, hesabuni malisho kabla ya kuhesabu faini.

Ardhi ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Allah atujaalie kuona kabla ya kuumia.

Wabillaahi tawfiq.