Faranga Moja kwa Mwaka

Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitiliana saini mkataba uliowapa Wabelgiji viwanja viwili, kimoja bandarini Dar es Salaam, kingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ilipita humo na kusafiri kwa Reli ya Kati bila kulipa ushuru wa Tanganyika. Hayo yalikuwa matunda ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora mwaka 1916, na Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walipogawana koloni hilo la Wajerumani mwaka 1919, Ubelgiji iliacha sehemu kubwa ya ilichokiteka, ikataka njia ya baharini. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hiyo, na ambao Kariakoo ilikuwa kambi yao, hawakuulizwa, ingawa kutoka kambini hadi gatini ni mwendo mfupi wa miguu.

Kusini mwa Afrika hesabu ilikwenda kwingine. Mwaka 1910 Basutoland, Bechuanaland na Swaziland ziliingia umoja wa forodha na Afrika Kusini, zikapewa kwa pamoja asilimia 1.31097 ya mapato, kwa kufuata biashara ya miaka mitatu iliyotangulia. Huku ushuru ulisamehewa na ardhi ikatolewa. Kule mkataba haukugusa ardhi, ushuru ukagawanywa. Lakini kote kuwili aliyesema kwa niaba ya wenyeji alikuwa Mwingereza, na fungu lile la pamoja la kusini halikubadilishwa hadi 1969.

Linganisha na Ulaya: umoja wa forodha wa Wajerumani wa mwaka 1834, Zollverein, uligawa mapato kwa idadi ya watu. Prussia ilikuwa na nguvu kuliko wote, hata hivyo Bavaria iliweza kukataa, na kukataa kwake kulihesabika. Kwangu hapo ndipo tofauti ilipo, zaidi ya kiwango chochote cha ushuru.

Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Nyerere, akizungumzia mkataba ule wa 1921, aliliambia Bunge kwamba mtawala mwenye dhamana ya muda hawezi kutoa ardhi ya nchi milele. Hoja hiyo ni ya kisheria, nayo ni makini: aliukataa umilele wa mkataba, hakuwafungia jirani njia ya baharini, bali alitaka waitumie kwa masharti ambayo Tanganyika yenyewe imeyakubali. Bandari iliendelea kupokea shehena za Kongo, Rwanda na Burundi.