Filbert Bayi

Filbert Bayi Sanka (alizaliwa Karatu, katika mkoa wa Arusha wa leo, 23 Juni 1953) ni mwanariadha mstaafu wa Tanzania aliyevuma katika mbio za kati miaka ya 1970. Aliwahi kushikilia rekodi ya dunia ya mita 1500 na ya maili moja. Mwaka 1980 aliipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya Olimpiki.

Mwanzo wa riadha

Bayi alishiriki Olimpiki ya Munich mwaka 1972 katika mita 1500 na katika mbio za kuruka viunzi na maji mita 3000, lakini hakuvuka hatua za mchujo. Miezi michache baadaye, Januari 1973, alitwaa dhahabu ya mita 1500 katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, akimshinda Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968.

Rekodi ya Christchurch

Tarehe 2 Februari 1974, katika fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, Bayi aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Siku hizo wakimbiaji wengi wa mita 1500 walijificha nyuma ya wenzao na kutunza nguvu kwa ajili ya mzunguko wa mwisho. Bayi alifanya kinyume: alichomoka mapema na kuwaacha wengine mbali, ili wachoke kwa kumfukuza.

Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na kuvunja rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun ya 3:33.1, iliyodumu tangu 1967. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili kwa 3:32.52, naye alikimbia chini ya rekodi hiyo ya zamani. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu.

Rekodi hiyo ya dunia ilivunjwa na Mwingereza Sebastian Coe mwaka 1979. Hata hivyo, kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipoivunja Birmingham mwaka 2022.

Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi alivunja pia rekodi ya maili ya Ryun kwa kukimbia 3:51.0. Agosti mwaka huohuo Walker aliichukua kwa 3:49.4.

Mgomo wa mwaka 1976

Wapenzi wa riadha duniani walisubiri Bayi na Walker wakutane kwenye Olimpiki ya Montreal. Mashindano hayo hayakutokea. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, zilizosusia michezo hiyo, kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu. Walker alishinda dhahabu bila Bayi kuwepo.

Mwaka 1978 Bayi alipata fedha ya mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, nyuma ya David Moorcroft wa Uingereza, na dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Algiers.

Medali ya Moscow

Katika Olimpiki ya Moscow, 31 Julai 1980, Bayi alikimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa umbali mkubwa kama ilivyokuwa desturi yake, lakini katika mzunguko wa mwisho alipitwa na Bronisław Malinowski wa Poland. Alipata fedha kwa muda wa 8:12.48. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui alipata fedha nyingine katika mita 5000.

Baada ya kustaafu

Bayi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi. Pia alianzisha taasisi yenye jina lake na shule katika Dar es Salaam na Kibaha, mkoani Pwani, ambako masomo na michezo huenda pamoja.