Sindano Namba 22

Daktari alipomaliza kueleza, aliuliza kama tuna maswali. Mimi nilikuwa nayo kama kumi hivi, nimeyaandika kwenye simu usiku kucha. Guka akanitangulia.

"Daktari, hiyo sindano ni namba ngapi?"

Daktari alinyamaza kidogo. Nadhani hakuwa amewahi kuulizwa. "Ishirini na mbili, mzee."

Guka akaitikia kwa kichwa. "Hiyo ni nyembamba. Ya ng'ombe ni kumi na sita."

Ukitaja Kiganjo, watu wengi hufikiria chuo cha polisi. Sisi tuliokulia huko tunafikiria pia maziwa: kiwanda cha KCC, ng'ombe wa gredi, mikebe ya maziwa asubuhi na baridi ya Mlima Kenya. Guka alifanya kazi miaka mingi kama msaidizi wa daktari wa mifugo, na kijijini kila mtu alimwita "daktari" tu. Mimi ndiye mjukuu niliyepewa jina lake, kwa hivyo alikuwa akiniita wakine, yaani rika lake. Nikiwa mdogo nilimbebea mkoba akienda kumwona ng'ombe mwenye ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Alikuwa akipapasa tezi iliyovimba chini ya sikio, anachoma sindano, anavuta tone dogo, analipulizia kwenye kioo chembamba na kulipaka. Kioo kikikauka kilipelekwa maabara ya mifugo ya Karatina. Jibu likirudi, ng'ombe anatibiwa ndigana au anatafutiwa ugonjwa mwingine.

Kwa hivyo namba za sindano alizijua vizuri. Ni namba zinazokwenda kinyume: ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Zilirithiwa kutoka kwa watengenezaji waya wa Uingereza, ambao kila walipouvuta waya kupita kwenye tundu dogo zaidi, namba ilipanda. Ya 16 ina unene wa milimita 1.6 hivi, ya 22 milimita 0.7, na ya 25 nusu milimita.

Ilikuwa 2022. Guka alianza kujikuna usiku, kisha macho yakawa ya manjano. Hakuwa na maumivu. Nyumbani tulisema ni ini. Kliniki moja ikamtibu taifodi kwa wiki tatu. Skani ya CT ndiyo iliyotuonyesha: uvimbe wa sentimita tatu kwenye kichwa cha kongosho, pale mfereji wa nyongo unapopita.

Familia ilichanga. Kulikuwa na grupu ya WhatsApp, mhazini, na shangazi aliyeuza mtamba. Guka akachukuliwa sampuli kwenye hospitali ambayo sitaitaja, na baada ya siku kumi na mbili tukapata karatasi moja. Ilisema hivi kwa ufupi: damu na seli chache, sampuli haitoshi kutoa jibu.

Guka aliisoma mara mbili. "Hii hata ya ng'ombe ningeirudia siku hiyohiyo," akasema.

Hapo ndipo nikaanza kusoma, kwa hasira zaidi kuliko kwa udadisi. Nilitaka kujua inawezekanaje mtu achomwe sindano ndani ya tumbo, familia iuze ng'ombe, halafu jibu liwe "haitoshi".

Nilidhani historia hii ingeanzia Ulaya au Marekani. Kumbe inaanzia hapa jirani, Entebbe. Mwanzoni mwa karne iliyopita, malale yalikuwa yanamaliza watu kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Kufikia 1920 yalikuwa yameua zaidi ya watu 200,000. Mwaka 1903, Aldo Castellani aliona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Lakini huwezi kumtoboa kila mtu uti wa mgongo. Mwaka 1904, madaktari wawili wa kijeshi, Greig na Gray, walichoma tezi za shingo zilizovimba, wakavuta tone la majimaji na kulitazama kwa hadubini. Vijidudu walivikuta humo, hai. Waandishi wengi wa historia ya kuchukua sampuli kwa sindano huanza na hao wawili. Waliochomwa shingo hawatajwi kwa majina. Kuanzia 1906, serikali ya Hesketh Bell iliwahamisha watu kutoka ufukoni, na wagonjwa wakakusanywa kambini. Sindano ilileta jibu, lakini jibu hilo lilimfaa nani kwanza, hilo ni swali lingine.

Mwaka huohuo wa 1904, Arnold Theiler kule Afrika Kusini alikieleza kimelea cha ndigana. Yaani kile Guka alichokuwa akikifanya chini ya sikio la ng'ombe pale Kiganjo ni ndugu wa karibu wa kile kilichofanyika Entebbe: sindano, tone, kioo, hadubini.

Mwaka 1930, Hayes Martin na Edward Ellis wa Memorial Hospital, New York, waliandika jinsi walivyotumia sindano namba 18 kuvuta seli za uvimbe wa saratani. Lakini hapo bado tunazungumzia uvimbe unaoweza kuushika kwa vidole. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, limezungukwa na mishipa mikubwa ya damu. Kwa miaka mingi, kulifikia kulimaanisha kupasuliwa.

Njia ya kulifikia ilitoka kwenye vitu viwili ambavyo havikuwa na uhusiano. Cha kwanza ni mpira wa kuangalia tumboni. Mwaka 1957, Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Michigan, alitengeneza endoskopu inayopinda, yenye nyuzi za kioo, akaimeza yeye mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Cha pili ni altrasaundi. Mwaka 1955, Ian Donald wa Glasgow alibeba vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa hadi kiwanda cha Babcock & Wilcox, pamoja na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia, akavipima kwa mashine ya kutafuta nyufa kwenye chuma. Mwaka 1980, watafiti wa Marekani na Ujerumani waliripoti kuviunganisha: altrasaundi kwenye ncha ya endoskopu. Ukimeza hiyo, daktari anaona kongosho kupitia ukuta wa tumbo, sentimita chache tu kutoka hapo. Na mwaka 1992, Peter Vilmann na wenzake wa Denmark wakaripoti kupitisha sindano humohumo na kuchoma kongosho huku wakiiona ncha kwenye skrini.

Sindano yenyewe ilikuwa ya kawaida: nyembamba, ina mdomo mmoja uliokatwa mshazari, inavuta seli. Shida ni kwamba saratani ya kongosho mara nyingi ni ngumu kama kovu. Nyuzi ni nyingi, seli za saratani ni chache. Unaweza kuwa umechoma mahali penyewe kabisa na utoke na damu tu. Ndiyo maana hospitali zenye uwezo zilimweka mtaalamu wa patholojia mlemle chumbani na hadubini yake. Daktari anachoma, mtaalamu anatazama, anasema "rudia" au "inatosha". Guka aliposikia hivyo alicheka. "Kumbe hata wao wanajua."

Lakini mtaalamu wa kukaa hapo si rahisi kumpata, hata Ulaya. Kwa hivyo watengenezaji wakageukia ncha ya sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuja sindano namba 19 yenye springi, inayokata kipande kizima. Ilikuwa ngumu kupinda, na endoskopu ikishajikunja kuelekea kichwa cha kongosho, ilikuwa inakataa kutoka. Baadaye ikaja ProCore, yenye kijidirisha ubavuni cha kukwangua nyama. Kisha SharkCore, yenye ncha kama uma. Na mwaka 2016 Acquire, yenye meno matatu kuzunguka mdomo, kama taji. Hayo meno matatu si mapya: Charles Franseen wa Boston aliyaeleza mwaka 1941. Yalikaa zaidi ya miaka 70 kabla ya mtu kuyaweka kwenye mwisho wa waya mrefu wa endoskopu.

Wamelinganisha sana. Ukisoma hizo tafiti mfululizo unaona picha moja: uma na meno matatu hutoa kipande bora kuliko sindano ya zamani, na baina ya hayo mawili tofauti ni ndogo. Ila utafiti ulionigusa zaidi ni wa 2021. Wagonjwa 800 waligawanywa kwa bahati nasibu, wote wakachomwa kwa sindano za aina mpya, nusu wakiwa na mtaalamu wa hadubini chumbani, nusu bila. Jibu lilikuwa sahihi kwa asilimia 96.4 alipokuwepo, na 97.4 alipokuwa hayupo. Yaani ni sawa tu. Sindano nzuri inaweza kuziba pengo la mtu asiyekuwepo chumbani.

Soma hiyo ukiwa Kiganjo. Sisi ndio watu wa kutokuwa na mtu chumbani.

Lakini haimalizi kila kitu. Kipande bado kinahitaji maabara, na maabara inahitaji msomaji. Na ni lazima kisomwe, kwa sababu si kila uvimbe wa kongosho ni hukumu ileile. Steve Jobs alichukuliwa sampuli kwa njia hii mwaka 2003 na ikaonekana ana aina isiyo ya kawaida, inayokua polepole. Aliishi hadi 2011. Kuna kifua kikuu kinachoweza kujifanya saratani hapo, na kifua kikuu kina dawa. Kutibu kwa kukisia picha ya skani ni kucheza kamari.

Mara ya pili tulienda kwingine, na sindano ilikuwa ya meno matatu, namba 22. Guka aliomba aonyeshwe kilichotoka. Muuguzi akainua kichupa: vipande vyembamba vyeupe, kama nyuzi, vimezama kwenye dawa. "Hii sasa ni nyama," akasema.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Ilikuwa saratani, ile ya kawaida. Aliwekewa stenti kwenye mfereji wa nyongo na kujikuna kukaisha. Alikubali kemo mara nne, akakataa ya tano. Aliishi miezi kumi na moja tangu siku ya karatasi ile ya pili. Katika miezi hiyo aligawa shamba akiwa anatembea juu yake kwa miguu yake, akamwonyesha kila mtoto mpaka wake. Ule muda tuliopoteza tukingojea "haitoshi" sijui ungetufaa nini. Labda miezi zaidi, labda hakuna. Lakini ulikuwa wake.

Safari za hospitali tulikuwa tunapita Marua, Karatina, Sagana, Thika, kilomita 150 hivi hadi Nairobi. Kila tukipita Karatina, Guka aligeuza kichwa kuelekea upande wa maabara ya mifugo. Safari ya mwisho aliniambia, "Wakine, ya ng'ombe yalikuwa yanajibiwa hapa."

Nami sina la maana la kuongeza, ila hili. Siku mzazi wako akiambiwa anachomwa sindano, usione haya kuuliza. Ni sindano ya aina gani? Ya kuvuta seli au ya kukata kipande? Nani atakayeisoma, na ikisemekana haitoshi, kurudia ni juu ya nani? Mzee mmoja wa Kiganjo aliuliza namba, na daktari hakukasirika. Alijibu.