Dhara au Dhuluma? Maneno ya Kuumia katika Historia ya Tafsiri Zetu

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu zoezi la tafsiri ambalo nililidhania kuwa rahisi. Niliwaandikia ubaoni, kwa Kiingereza, ile hotuba maarufu ya Shylock katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka wa 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi. Kitabu chenyewe nilikificha mezani ili wasiige. Hotuba hiyo, kama mwalimu mwenzangu ajuavyo, huanzia mwilini: macho, mikono, kuchomwa, kutekenywa, kutiliwa sumu. Kisha hufikia kitenzi kimoja cha Kiingereza, 'wrong', ambacho ndicho kinachoufungua mlango wa kisasi.

Wengi waliandika 'mkitudhuru'. Msichana mmoja akaandika 'mkitudhulumu', nami nikamkata alama mbili. Nilimweleza kwamba hotuba yahusu mwili, na mwili hudhuriwa. Akaniuliza: "Mwalimu, mvua ikiharibu mahindi si imetudhuru? Mbona basi hakuna anayelipiza kisasi kwa mvua?" Darasa likacheka. Mimi sikuwa na jibu, na ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na akiba ya lugha yenyewe. Kiswahili kina tabaka mbili za maneno ya kuumia. Tabaka la kwanza ni la Kibantu: uma, umia, umiza, maumivu, kidonda, donda, kovu. Katika tabaka hili kitenzi ndicho chenye nguvu, na viambishi vyake hueleza ni nani alifanya nini. Msemaji wa Kiswahili husema 'kichwa kinaniuma', kana kwamba kichwa ndicho mtendaji naye ni mtendwa tu. Akisema 'nimeumia', hajamtaja yeyote. Akisema 'nimeumizwa', kuna mtu nyuma ya pazia. Tabaka la pili lilitoka katika Kiarabu: jeraha, dhara, dhuluma, hasara, hujuma. Hapa ndipo mwanafunzi wetu anapojikwaa, kwa sababu dhara na dhuluma hufanana masikioni. Zote mbili twaziandika kwa 'dh', ilhali katika Kiarabu herufi zake ni mbili tofauti na mizizi yake haina udugu wowote. Dhara ni kupungukiwa au kuharibikiwa. Dhuluma ni kunyimwa haki. Madhara yaweza kuletwa na mvua, pombe, moshi au ukosefu wa chumvi mwilini. Dhuluma haina budi kuwa na mtu. Mtu akisema jua limemdhulumu, tutajua ama ni malenga ama anatania.

Kiingereza kilizikunja maana hizi mbili ndani ya neno moja. 'Injury' chanzo chake ni Kilatini, iniuria, yaani jambo lililo kinyume cha haki. Kwa karne nyingi Mwingereza aliweza kulitumia kwa tusi, kwa kunyang'anywa shamba, na kwa kuvunjika mguu. Hatua kwa hatua matumizi ya kawaida yaliegemea mwilini, ile maana ya haki ikabaki vitabuni na kwa wanasheria. Anayelitafsiri neno hili kwa Kiswahili hulazimika kuchagua jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza hakulazimika kulichagua.

Katika mahakama zetu uchaguzi huo haukuwa mchezo wa kamusi. Pwani, kabla ya ukoloni, sheria ya Kiislamu ya madhehebu ya Shafi'i ilikuwa na utaratibu wake wa kuyapima majeraha. Jeraha la kichwa lililoufunua mfupa lilikuwa na jina lake na fidia yake, ngamia 5. Lililouvunja mfupa, ngamia 10. Lililouhamisha mfupa kutoka mahali pake, ngamia 15. Jambo la kushangaza ni kwamba majina hayo ya majeraha hayakuingia katika Kiswahili cha kila siku. Kilichoingia ni 'dia', malipo yenyewe. Baadaye mahakimu wa Kiingereza waliotaka kuifahamu sheria hiyo walisoma Minhaj ya Nawawi katika tafsiri ya Howard ya 1914, nayo haikutoka moja kwa moja katika Kiarabu. Ilitokana na tafsiri ya Kifaransa ya Van den Berg, iliyochapishwa Batavia kuanzia 1882. Jeraha la mtu wa pwani basi liliweza kupita katika lugha tatu kabla ya kumfikia hakimu.

Kwa makosa ya jinai, serikali ya kikoloni ilileta hapa Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka wa 1860, ambayo rasimu yake iliongozwa na Macaulay. Kanuni hiyo ilitumia neno la kawaida kabisa la Kiingereza, 'hurt', kisha ikaorodhesha aina nane za umizo kubwa. Kuvunjika kwa mfupa kulikuwemo, na kuvunjika au kung'oka kwa jino pia. Aliyekuwa na maumivu makali kwa siku 20, au aliyeshindwa kufanya shughuli zake za kawaida kwa siku hizo, alihesabiwa kuwa ameumizwa vikubwa. Napenda namna orodha hiyo ilivyo wazi. Mkulima yeyote aweza kuhesabu siku alizokosa kwenda shambani, na mkalimani hahitaji kamusi ili kutafsiri neno 'jino'.

Mwaka wa 1930 Kenya ilipata kanuni mpya, ambayo ndiyo mzazi wa Sura ya 63 ya sheria zetu. Orodha ikaondoka, na pamoja nayo jino na siku 20. Mahali pake pakaja ngazi ya nomino: 'harm', 'grievous harm', 'maim', 'wound'. Ya mwisho ilipewa maana finyu sana: mkato au tundu linalopenya ngozi ya nje au utando wa nje wa mwili. Mtu aliyevunjwa mbavu bila ngozi kupasuka hana 'wound' katika sheria hiyo, ingawa sisi twasema bila wasiwasi kwamba ana majeraha ya ndani. Na tofauti za ngazi ni nzito. Shambulio lililosababisha dhara la mwili lina kifungo cha miaka 5. Dhara kubwa laweza kuleta kifungo cha maisha.

Sasa mfikirie mkalimani wa mahakama. Shahidi anasimama na kusema, "Alinipiga akaniumiza sana." Katika sentensi hiyo yumo mtenda, kimo kitendo, na imo hali ya aliyetendwa. Ngazi haimo. Mkalimani ataipeleka wapi? Akisema 'hurt' amepunguza. Akisema 'wounded' ameongeza tundu ambalo shahidi hakulitaja. Ndiyo maana katika kesi hizi ngazi huamuliwa zaidi na ile fomu ambayo kila Mkenya huiita P3, ambamo daktari hueleza kiwango cha kuumia. Kauli ya shahidi yaeleza tendo, fomu yaeleza kipimo, na mara nyingi vitu hivi viwili havionani uso kwa uso.

Wafasiri wa Biblia nao walipata tabu iyo hiyo, ingawa kwao hatari ilikuwa ya kupunguza uzito. Katika Isaya 53:5, tafsiri ya Union ya mwaka wa 1952 humwelezea mtumishi wa Mungu kwa kitenzi 'kuchubuliwa'. Kwa Kiswahili cha nyumbani, anayechubuka ni mtoto aliyeanguka akicheza, goti likatoka ngozi. Kitenzi cha Kiebrania pale chamaanisha kupondwa au kusagwa. Mbele kidogo katika mstari huo huo kuna nomino ya Kiebrania inayotaja alama zinazovimba mwilini baada ya kipigo. Kiswahili kimeigeuza kuwa tendo, 'kupigwa'. Hilo la pili mimi nalitetea. Mfasiri alirudi kwenye kitenzi, mahali ambapo lugha yetu ina nguvu zaidi.

Historia ya karibu inaonyesha jambo hili likiwa na bei ya pauni na shilingi. Mwaka wa 2009 wazee wa Kenya waliokuwa wamezuiliwa na kuteswa wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London, katika kesi iliyojulikana kama Mutua na wenzake. Kikwazo kikubwa kilikuwa muda, kwani zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita. Lakini sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1980 kuhusu muda wa kushtaki humpa jaji hiari ya kuuondoa ukomo huo, iwapo shauri ni la 'personal injury', yaani kuumia kwa mtu mwenyewe, mwili au akili. Oktoba 2012 mahakama iliitumia hiari hiyo kwa manufaa ya wazee watatu. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague aliliambia Bunge lao kwamba serikali yake inatambua kuwa Wakenya waliteswa na kutendewa vibaya chini ya utawala wa kikoloni, na kwamba inasikitika. Malipo yalikuwa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Papo hapo akasema kwamba serikali ingali inakana dhima ya kisheria kwa vitendo vya utawala huo.

Msomaji na aipime kauli hiyo kwa maneno yetu mawili. Dhara limekubaliwa na kulipiwa. Dhuluma, kwa maana ya haki iliyovunjwa na mtu anayepaswa kuijibia, imekanwa.

Kesi ya pili ilikuwa kubwa zaidi, yenye walalamishi zaidi ya 40,000, nayo ilijulikana kwa jina la Kimathi na wenzake. Mwaka wa 2018 jaji aliulizwa iwapo hofu aliyoipata mtu, hofu peke yake bila ugonjwa, ni 'injury'. Akajibu kwamba siyo. Kwa kuwa siyo, hiari ya kuondoa ukomo wa muda haikuwepo kwa madai ya hofu. Kesi ilishindwa mwaka huo huo. Sisemi kwamba jaji alikosea Kiingereza chake. Nasema kwamba mzee aliyeona nyumba yake ikichomwa, akaingoja zamu yake gizani, katika lugha nyingi za nchi hii angesema ameumizwa, na wasikilizaji wake wasingemuuliza kidonda kiko wapi.

Na hapa Kenya tulichagua neno gani? Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2008, ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, majuma machache kabla ya kauli ya Hague. Yale ambayo Kiingereza chake kiliyaita 'historical injustices', wananchi, magazeti na wanasiasa wote waliyaita dhuluma za kihistoria. Sijapata kumsikia mtu akisema 'madhara ya kihistoria'. Hakuna kamati ya istilahi iliyotoa amri. Watu walijua kwamba mashamba hayakuchukuliwa na mvua.

Turudi Venisi, au tuseme kwa yule msichana. Nyerere alipoitoa tafsiri yake, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hata jina lake lilikwisha kuchagua upande. Bepari, neno la wafanyabiashara wa Kihindi, awali lilikuwa mfanyabiashara tu. Kufikia 1969 lilikuwa mnyonyaji. Msomaji wa Kiingereza aliingia ukumbini kuwaona wafanyabiashara, wa Kiswahili akaingia kuwaona watuhumiwa. Katika tamthilia ya namna hiyo, hotuba ya Shylock haiwezi kubaki mwilini hadi mwisho. Kuchomwa, kutekenywa na sumu ni ushahidi wa ubinadamu, kwani mwili wake hujibu kama miili ya wengine. Kisasi ni shauri jingine. Kwa hicho anahitaji kitenzi chenye mtu ndani yake, mtu aliyemtemea mate sokoni na kumwita mbwa. 'Mkitudhuru' chamwacha akilalamikia maumivu. 'Mkitudhulumu' chamfikisha mahakamani, mahali ambapo tendo la nne litamkuta akiwa na kisu mkononi na mkataba kifuani.

Nilimtafuta wakati wa mapumziko ya chai, nikamrudishia alama zake mbili mbele ya wenzake walewale waliocheka. Kisha nikampa kile kitabu nilichokuwa nimekificha, aende akaone mwenyewe Mwalimu alichagua kitenzi gani.